Mteja amenirekodi, sasa anataka nimwandikie kiapo cha uongo

SWALI: Mzee, salamu. Mimi ni wakili, mwaka wa nne tangu niandikishwe, nafanya kazi katika ofisi ndogo hapa Kampala. Nilimsaidia mteja kupata barua za usimamizi wa mirathi ya baba yake, mwanajeshi mstaafu aliyeacha shamba la mailo (ardhi ya umiliki wa kudumu) karibu na Bombo. Faili lilipokwama, mteja aliniomba "nimwone" karani. Akanitumia shilingi laki tatu kwa simu, nami nikampa karani. Sasa mama mmoja wa Arua ameweka kaveti, yaani zuio la kisheria, kwenye ardhi ile, anasema ni mjane wa marehemu na ana watoto wawili. Nilipomuuliza mteja alicheka: "Huyo tunamjua, ni mke mdogo wa mzee, lakini kwenye karatasi hayumo na hatakuwemo." Anataka niandike hati ya kiapo kwamba familia haimjui kabisa, ili Mahakama Kuu iiondoe kaveti. Nilipokataa alinitumia sauti yangu aliyoirekodi tukizungumza habari za karani, pamoja na picha ya muamala. Amenipa mpaka Ijumaa, la sivyo anapeleka kila kitu Baraza la Sheria, linalosimamia nidhamu ya mawakili, na kwa bosi wangu. Nina wadogo zangu wawili ninaowalipia ada. Nikubali hii moja tu halafu nijitoe? Na siri ya mteja hainifungi mdomo? Naomba jina langu lisitajwe.

JIBU: Binti yangu, nianze na hiyo Ijumaa. Hakuna mahakama iliyokupangia Ijumaa. Kaveti haiondoki Ijumaa, na Baraza la Sheria halifungi milango Ijumaa. Ni siku aliyoichagua mtu anayejua kwamba ukipata juma moja la kulala na kuwaza utamwona mwenzako mwenye akili zaidi, na huyo atakuambia yale nitakayokuambia mimi. Kwa hiyo iache ipite.

Kiapo hicho usikiandike. Hata kwa nia ya kujitoa baadaye, usikiandike. Tazama anachokushikia leo: sauti yako na muamala wa laki tatu. Ni kosa, tena si dogo, na nitalirudia. Ukiandika kiapo atakuwa na hati iliyomo katika faili la Mahakama Kuu, ina jina la ofisi yenu kama mwandaaji, na inasema jambo ambalo yeye mwenyewe alikuambia si kweli. Wewe unadhani hapo ndipo atakuachilia. Kwa nini akuachilie wakati ndipo umekuwa wa thamani kwake? Msimamizi wa mirathi anatakiwa kisheria kuwasilisha mahakamani orodha ya mali ndani ya miezi sita, na hesabu ndani ya mwaka mmoja. Baada ya hapo kuna kuuza, kuna hati za uhamisho, kuna mnunuzi atakayeuliza maswali. Kila karatasi itahitaji uongo mpya ulingane na ule wa kwanza, na wote utaandikwa na mkono wako. Tena akikuambia "muhuri wako wa kamishna wa viapo si upo hapo mezani", jua kwamba sheria inakukataza kukiapisha kiapo katika shauri ambalo wewe mwenyewe ni wakili wa upande mmojawapo. Hilo la mwisho nalitaja kwa sababu wateja wa namna hii hupenda kumaliza mambo yote chumba kimoja.

Kizazi chetu kilifundishwa ujasiri wa uwakili kwa mfano wa Benedicto Kiwanuka, Jaji Mkuu aliyechukuliwa na askari wa Amin ndani ya jengo la Mahakama Kuu mnamo Septemba 1972 na asionekane tena. Ni mfano mkubwa, na pengine umetuharibu kidogo, maana unatufanya tuusubiri mtihani uje na bunduki. Mtihani wa wengi wetu huja na mtu mpole anayekuita "mwanangu", analeta kuku wakati wa sikukuu, anasifu kazi yako mbele ya bosi, halafu siku moja anaomba jambo dogo lisiloandikwa popote. Isome upya historia yenu kwa jicho hilo. Je, alikuwa akikupa maagizo kwa maandishi, au siku zote ilikuwa "nikupigie"? Pesa za ada alizipeleka ofisini akapewa risiti, au alizituma kwenye namba yako? Na kwa nini mtu anayekuamini akurekodi siku ileile anayokuomba msaada? Siku ile hakuwa akitatua tatizo la faili lililokwama. Alikuwa akijiwekea akiba. Nakuambia haya kwa sababu barua yako imejaa sauti ya mtu anayeona amemsaliti mteja mwema, na ukienda na hisia hiyo utaendelea kumwomba radhi mpaka utie saini.

Sasa swali lako gumu, la siri. Hapa ndipo anapokucheza, maana kuna siri mbili katika jambo hili na yeye amezifunga pamoja. Siri ya kwanza ni yake: yale aliyokuambia kwa kuwa wewe ni wakili wake. Ya pili ni yako: laki tatu za karani. Sheria inailinda ile ya kwanza, kwa mipaka. Ya pili hailindwi na chochote, ni wewe tu unayeilinda kwa hofu. Yeye anataka uamini kwamba ukifungua mdomo kuhusu lolote umevunja kiapo cha kazi, na papo hapo uamini kwamba kwa kuwa amekutishia, basi nawe una ruhusa ya kumwanika hadharani. Yote mawili si kweli.

Kanuni zetu za mwenendo wa mawakili zinasema wakili hatatoa habari alizozipata kwa kumtumikia mteja, isipokuwa pale inapohitajika katika kuendesha mambo ya mteja huyo au pale sheria inapotaka. Sheria ya Ushahidi nayo inakulinda usilazimishwe kuyasema mawasiliano ya mteja, lakini inaacha nje mambo mawili: maneno yaliyosemwa ili kuendeleza jambo la kuvunja sheria, na ukweli ulioushuhudia wakati wa kazi unaoonyesha kwamba jinai au udanganyifu umetendeka tangu uanze kumtumikia. Ukizisoma kwa makini utaona kinachopimwa ni neno lilisemwa kwa kusudi gani. Mtu akija akakuambia, "Wakili, mwaka jana nilighushi wosia, nimeshtakiwa, nitetee," mdomo wako umefungwa, hata kama tumbo linakukata. Akija akakuambia, "Nisaidie kughushi wosia," hapo hajamwambia siri wakili wake. Amemtafuta mshirika.

Mteja wako alisema nini? Kwa pumzi moja alisema wanamjua mama yule, na kwamba uandike hawamjui. Kwa maoni yangu neno hilo limetoka nje ya ulinzi, kwa sababu lilisemwa kama malighafi ya kiapo cha uongo. Najua wapo mawakili wenzetu watakaobisha kwamba nusu ya kwanza ya sentensi ilikuwa ungamo la jambo lililopita, na hoja yao si ya kupuuza. Kwa sababu ya ubishi huo nitakuomba hapa chini usiyafanye haya peke yako.

Lakini hata bila kumaliza ubishi huo, lipo jambo lingine linalokubana. Alipoomba barua za usimamizi aliapa kuhusu warithi walioachwa na marehemu. Sasa umejua orodha ile ina pengo. Kanuni zilezile zinakutaka, ukigundua kwamba mtu ameapa uongo au ametoa ushahidi wa uongo mbele ya mahakama, uijulishe mahakama. Kanuni haisemi "ukipenda". Na kwa kuwa wajibu wa siri wenyewe unaacha mlango pale sheria inapotaka, kanuni hizi mbili hazigombani kama unavyodhani. Kinachobaki ni kipimo: useme kiasi gani. Useme kile tu kinachohitajika. Mahakama inatakiwa kujua kwamba maelezo kuhusu warithi hayakuwa kamili. Haitakiwi kujua madeni ya mteja wako, ugomvi wake na ndugu zake, wala mambo ya nyumbani kwake aliyokusimulia siku za kuku. Wakili aliyekasirika huwa anamwaga yote, na hapo ndipo naye anakuwa mkosaji.

Hatua ya kwanza kabisa, kabla hujamjibu mteja: tafuta wakili wako. Si rafiki wa darasani LDC, chuo chetu cha mafunzo ya uwakili, si mimi ninayejibu kwa maandishi nisikuone uso. Tafuta mtu mzima katika taaluma, asiye na uhusiano na ofisi yenu, umlipe hata kidogo, umweleze yote pamoja na karani. Mazungumzo hayo yanalindwa kwa sheria ileile tuliyoizungumza. Wapo mawakili wanaoona aibu kuwa wateja. Daktari naye huugua akatibiwa na daktari mwenzake, basi na sisi tusijione tofauti.

Simu usiiguse. Usifute ujumbe wa WhatsApp, usifute sauti, usibadilishe laini. Picha za skrini zinasaidia, lakini simu yenyewe ndiyo yenye uzito. Tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2011, ujumbe wa kielektroniki haukataliwi mahakamani kwa sababu tu ni wa kielektroniki, ila utaulizwa ulihifadhiwaje. Muamala wa laki tatu huwezi kuufuta hata ukitaka, upo kwenye kampuni ya simu. Ukifuta upande wako utakuwa umeongeza kosa la pili ili kuficha la kwanza ambalo halifichiki. Na usijichoshe na hoja ya kwamba alikurekodi bila ruhusa. Mwachie wakili wako aone kama ina faida. Ninachojua ni kwamba haiifanyi sauti isiwe yako.

Kisha mwandikie mteja. Andika, usipige simu. Na akipiga, mwambie utajibu kwa maandishi. Barua iseme umepata habari kwamba orodha ya warithi haikuwa kamili, unamshauri airekebishe mwenyewe mahakamani, hutaandika hati ya kiapo unayojua si ya kweli, na asiporekebisha utaomba kujitoa na utatimiza wajibu wako kwa mahakama. Mpe muda wa kawaida wa kiofisi. Shauri likiwa tayari mahakamani, kujitoa kunahitaji idhini ya mahakama, usiondoke tu kimyakimya. Sehemu ya ada ambayo hujaifanyia kazi irudi, na nyaraka zake arudishiwe.

Katika barua hiyo kuna sentensi moja utatamani sana kuiandika: "Ukinishtaki Baraza, nami nitakushtaki polisi." Usiiandike, wala usiiseme, wala usimtume mtu aiseme. Kwa sasa yeye ndiye anayetumia vitisho kudai kitu asichostahili, na Sheria ya Kanuni za Adhabu ina vifungu vya watu wa namna hiyo. Ukianza kuuza ukimya wako, mmekuwa wawili. Kwenda polisi ni haki yako, na mimi ningeenda, lakini ningeenda na wakili wangu, nikijua kwamba afande wa upelelezi swali lake la kwanza litakuwa, "Hiyo sauti inasema nini?"

Na inasema nini? Sasa tufike kwa karani. Hapo siwezi kukupaka mafuta. Chini ya Sheria ya Kupambana na Rushwa ya 2009, anayetoa na anayepokea wote wako ndani. Maneno "ndivyo mambo yanavyokwenda" nimeyasikia kwenye korido za kila mahakama niliyofika na hayajawahi kuwa utetezi. Ni kweli kwamba pesa zilitoka kwa mteja, kwa hiyo akipeleka sauti ile amejipeleka naye pia. Nina hakika hajalifikiria sana. Lakini usijenge nyumba juu ya hilo. Mtu mwenye shamba la mailo karibu na Bombo mkononi anaweza kuona hasara hiyo inalipika.

Swali ni nani atalisema jambo hili kwanza. Mficha maradhi kifo humwumbua, na kwako kifo kimeshapewa tarehe. Ungefika mbele ya Kamati ya Nidhamu ya Baraza la Sheria ukiletwa na mteja, akiwa na sauti na wewe ukiwa na jasho, simulizi lote litakuwa lake: wakili mla rushwa alimdanganya mzee wa watu. Ungefika mwenyewe kwanza, kwa mkono wa wakili wako na kwa wakati atakaoona yeye unafaa, simulizi litakuwa na mambo ambayo mteja hawezi kuyasema, yaani kwamba ulitakiwa kuandika uongo ukakataa. Kamati ina uwezo wa kuonya, kutoza faini, kuamuru fidia, kusimamisha leseni, hata kufuta jina kwenye orodha ya mawakili, na uamuzi wake unakatiwa rufaa Mahakama Kuu. Siwezi kukuahidi itachagua nini. Jitayarishe kwa uwezekano wa kukaa bila leseni kwa muda. Upande wa jinai, wakili wako ndiye aseme ni lini ufungue mdomo na mbele ya nani, maana huna wajibu wa kujishtaki bila ushauri. Hii ndiyo sababu nimekataa kukuandikia ratiba ya siku kwa siku.

Bosi wako lazima ajue, na ajue kutoka kwako, mapema, baada tu ya kuonana na wakili wako. Jina lililo kwenye nyaraka ni la ofisi yake. Akikujibu, kama baadhi yao wanavyojibu, "malizana naye kimya kimya, mteja ni mzuri," basi umepata habari muhimu kuhusu mahali unapofanya kazi.

Nije kwa mama wa Arua, ambaye katika barua yako yote umemtaja mara moja tu. Sikulaumu, mtu aliyekabwa koo haoni pembeni. Lakini tangu marekebisho ya Sheria ya Mirathi ya 2022, mtu akifa bila wosia, asilimia 20 ni ya mjane au wajane, asilimia 75 ni ya watoto na wajukuu wa damu, 4 ni ya wategemezi na 1 ya mrithi wa kimila. Mteja wako anaweza kuja na hoja kwamba ndoa ile haikuwa ndoa. Na ibishaniwe mahakamani, ndiyo kazi ya mahakama. Ndoa za kimila na za Kiislamu zinatambulika nchini mwetu na huenda ana cheti au mashahidi wa mahari. Lakini hata ndoa ikianguka, watoto hawaanguki nayo. Mtoto wa marehemu ni mtoto wa marehemu. Kwa hiyo kiapo cha "hatumjui" kinawalenga wale wawili kuliko mama yao. Sheria inaruhusu barua za usimamizi zifutwe zikipatikana kwa udanganyifu au kwa kuificha mahakama jambo la msingi. Njia ya kuwarudisha ipo, ilimradi shamba liwe bado halijauzwa.

Hata hivyo usimpigie simu. Ni upande wa pili katika shauri, na ikiwa ana wakili huna ruhusa ya kumfikia kwa kumruka wakili wake. Ukimnong'oneza jambo leo, kesho mteja wako atakuwa na rekodi ya pili, safari hii akiwa na haki ya kulalamika. Mwambie jaji. Mama atalisikia kutoka huko, ambako lina nguvu.

Kuhusu ada za wadogo zako, waambie ukweli mapema kwamba muhula ujao unaweza kuwa mgumu, na uende shuleni ukaombe kulipa kidogo kidogo kabla leseni haijaguswa, si baada. Kuna kazi mtu aliyesoma sheria anaweza kufanya bila kusimama mahakamani: utafiti, kufundisha, kazi za mashirika. Mshahara ni mdogo zaidi, lakini upo.

Barua kwa mteja ukishaiandika, mpe wakili wako aisome kabla hujaituma, na umwombe afute kila neno la kuomba radhi. Itoshe ukurasa mmoja. Weka tarehe, saini, na uhakikishe kuna nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Akikataa kuipokea, itume kwa namba ileile aliyokutumia sauti.